Ngozi ya Bihogo

Siku Ishengoma alipotolewa nyumbani kwa machela kupelekwa hospitali ya Rubya, hakumuaga mtu. Majirani walimbeba wakipita katikati ya migomba, majani yakiwapiga usoni, na walipofika pale njia ya kibanja inapoishia barabarani aliinua kichwa kidogo akauliza, "Bihogo amepewa majani?" Mkewe Alistidia, aliyekuwa akifuata nyuma na kikapu cha nguo na chupa ya uji, alimjibu kwamba amepewa. Hakuwa amepewa. Asubuhi ile hakuna aliyemkumbuka ng'ombe. Ishengoma alilaza kichwa tena, akaridhika, na njia ile hakuipita tena ila akiwa ndani ya sanduku.

Ulikuwa mwaka 1992, na katika vijiji vya Muleba watu walikuwa wamechoka kuulizana fulani amekufa kwa nini. Ishengoma alikuwa akinunua samaki visiwani na kuwaleta nchi kavu, na kule visiwani kambi nzima nzima zilikuwa zikipukutika. Jina la ugonjwa halikutajwa. Watu walisema "aliumwa sana," wakachimba kaburi kando ya migomba, wakajifuta udongo mikononi, wakaenda kuchimba jingine kwa jirani.

Alistidia akabaki na mabinti wawili, Rozi na Getruda, kibanja cha mumewe, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, na Bihogo.

Mtu asiye wa Kagera anaweza kudhani ng'ombe ni maziwa. Kule ng'ombe ni kibanja chenyewe. Udongo wa nchi ile ni mwekundu na maskini, mvua imeuosha tangu zamani. Kinachoufanya uwe mweusi kuzunguka nyumba ni samadi iliyomwagwa na baba, na babu, na baba wa babu. Mchana ng'ombe anakula kwenye rweya, ile nyika ya nyasi iliyo nje ya migomba ambako hakuna kinachoota cha maana, na jioni anarudi nyumbani na rweya tumboni. Ukimwondoa, haipiti misimu mingi kabla mikungu haijawa midogo, fukusi wakaingia kwenye mizizi, na mgomba ukaanguka kwa upepo ambao hauwezi kuangusha hata kuku. Na mjane asiye na mtoto wa kiume hakai kwenye kibanja kwa haki. Anakaa kwa uvumilivu wa ukoo, na ukoo huvumilia mradi ndizi zinapendeza. Zikichakaa, wazee husema kibanja kimemshinda mama wa watu, na mama wa watu hufungasha.

Alistidia aliyajua haya yote siku ya kumaliza matanga, alipomwona shemeji yake Rwegasira akishuka kwenye gari la mradi.

Rwegasira alikuwa mdogo wake Ishengoma. Aliishi Kibeta, kule Bukoba mjini, na alikuwa na kazi katika mradi mmoja wa wafadhili ulioshughulika na mazingira na mifugo. Katika miezi yote ya ugonjwa wa kaka yake alifika mara moja, akasimama mlangoni bila kuvuka kizingiti, akiwa ameshika leso karibu na pua, akamwambia mgonjwa ajitahidi kula matunda. Mazishini alichelewa. Lakini siku ya matanga alifika mapema, amevaa koti, na dereva wake akaliacha gari linanguruma nje muda wote wa sala kwa sababu, alisema, betri ilikuwa na matatizo. Moshi uliingia mpaka ndani walikokaa wanawake. Ma Kokushubila, jirani mzee ambaye ulimi wake haukuwa na kizingiti, alikohoa akasema, "Mazingira yamefika."

Baada ya chakula Ta Rugaibula, mzee wa ukoo, aliuliza kwa desturi ni nani musika, yaani mrithi atakayesimama mahali pa marehemu. Kwa kuwa marehemu hakuacha mtoto wa kiume, macho yote yalimwendea Rwegasira. Hakungoja kusukumwa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kwa sauti ya mkutanoni, "Mimi ndiye musika wa kaka yangu. Vyake vyote ni vyangu, na yake yote nimeyabeba." Ta Rugaibula akampa mundu wa kupogolea migomba uliokuwa wa Ishengoma. Rwegasira aliushika kwa vidole viwili, kama mtu aliyepewa panya aliyekufa, akampasia dereva aukaweke garini.

Kisha akatoa hotuba ambayo hakuna aliyemwomba.

Alisema dunia inapata joto. Wakubwa wa nchi zote walikuwa wamekutana ng'ambo mwaka uleule kulizungumzia jambo hilo. Joto linatokana na hewa chafu inayopanda juu na kutanda kama blanketi, na sehemu ya hewa hiyo inatoka kwa ng'ombe, kwa maana ng'ombe anapocheua hupiga mbweu, na mbweu hiyo ni gesi mbaya kuliko moshi. Tena kwato zao zinaiharibu rweya, na rweya ikibaki wazi udongo unaondoka na mvua. Mradi wake ulikuwa unatafuta kaya za mfano, zitakazokubali kuondoa ng'ombe wa kienyeji. Yeye, kwa heshima ya marehemu, ameamua kaya ya kwanza katika tarafa nzima iwe hii.

Wanaume walitikisa vichwa polepole kukubali, kila mmoja akimwangalia mwenzake ajue kama inapasa kuelewa. Ta Rugaibula alitikisa kuliko wote. Alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe na hakuwa na nia ya kumtoa, ila hakutaka kuonekana mshamba mbele ya gari.

Alistidia alikuwa amefika kidato cha nne kabla ya kuolewa, na aliyoyasikia hakuyaona kuwa upuuzi. Aliamini kwamba pumzi ya ng'ombe inaweza kupanda mbinguni. Alikuwa amelala vya kutosha karibu na zizi. Aliona mwenyewe mvua zilivyokuwa zimeanza kukosea siku zake. Kama Rwegasira angekuwa mwongo mtupu, angemwonea huruma, kama mtu anavyomwonea huruma mlevi. Lakini mtu aliyechukua jambo la kweli, tena kubwa, la dunia nzima, akaja kulikatia fimbo ya kumpigia mjane wa kaka yake, huyo hakujua amweke kundi gani. Katika kijiji ambacho kila msiba ulikula ng'ombe, na kila mgonjwa alimaliza zizi kabla ya kumaliza pumzi, kifo kilikuwa kimeshafanya kazi ya mradi bila koti wala gari. Alihesabu moyoni nyumba zilizobaki na ng'ombe. Vidole vilizidi nyumba.

Alimfuata Rwegasira nyuma ya nyumba, wakiwa wawili, akamwambia kwa upole, "Shemeji, Bihogo si wetu. Unajua ni wa Ma Anatolia."

Kwa kweli alijua. Ukoo mzima ulijua. Mwaka 1978, majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, watu wa Missenyi walikimbilia kusini. Miongoni mwao alikuwa Anatolia, aliyezaliwa kijiji cha pili na kuolewa kule mpakani. Alivuka Kyaka na ng'ombe wachache kabla daraja halijalipuliwa, akaswaga usiku na mchana, akafika kwa Ishengoma miguu imevimba, na nyumba hii ikamhifadhi mpaka vita vilipokwisha. Alipokuwa anarudi kwake aliacha mtamba mmoja. Hakumtoa zawadi. Alimkabidhi atunziwe, kama watu wa ng'ombe wanavyokabidhiana: maziwa na samadi ni ya mtunzaji, ng'ombe ni wa mwenyewe. Bihogo alikuwa mjukuu wa mtamba yule, mwekundu kama udongo, na baka jeupe la nusu mwezi kwenye paja la kushoto.

Rwegasira alicheka. "Hayo mambo ya vita, shemeji. Vita vimekwisha. Huyo mama yako wa Missenyi bado yuko hai?"

"Sijasikia kwamba amekufa."

"Basi akija, mwambie ng'ombe wamekwenda na wakati." Akageuka kuangalia migomba, ndefu, yenye mikungu iliyoegemezwa kwenye miti, akasema kama mtu anayepima kitambaa dukani, "Kibanja kizuri. Sijui kama utakiweza peke yako."

Wiki iliyofuata gari lilirudi na vijana wa mradi, wakampandisha Bihogo kwa ubao. Alistidia aliambiwa kwamba ng'ombe anapelekwa mahali maalumu, ambako mbweu zake zitapimwa na kinyesi chake kitaingizwa shimoni kutoa gesi ya kupikia. Yeye ataletewa mbolea ya dukani. Wakachimbia kibao mlangoni mwa kibanja, kimeandikwa kwa rangi ya kijani KAYA YA MFANO. Mbolea haikuja. Kibao kilibaki, na mbuzi wa jirani wakawa wanajikunia hapo.

Alistidia akaanza kubeba majani. Alikwenda kwenye rweya akakata nyasi, akazileta kichwani, akazitandaza chini ya migomba zioze zenyewe. Rozi na Getruda walimsaidia baada ya shule. Lakini nyasi ambazo hazijapita tumboni huoza kwa uvivu, na mchwa huziwahi. Ma Kokushubila alikuja na ndoo ya samadi ya ng'ombe wake, akaimwaga kwenye shina la mgomba uliokuwa karibu na kaburi la Ishengoma, akasema huo tu ndio atakaoulisha, mingine imsamehe. Hata zizi lilianza kunuka vibaya kwa kukosa harufu ya Bihogo. Asubuhi Alistidia alijikuta amesimama pale na fungu la majani mikononi, hana wa kumpa, na lile swali la machela likimzunguka kichwani.

Masika ya mwaka uliofuata yalipoisha ikaja barua kwamba kutakuwa na semina Muleba mjini, na mama wa kaya ya mfano anahitajika.

Alikwenda. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wa koti, na mbele kumetandikwa kitambaa, na juu yake chupa za maji. Rwegasira alizungumza muda mrefu akionyesha ubaoni picha ya ng'ombe yenye mishale ikitoka mdomoni kwenda mawinguni. Alisema mkulima wetu ana shida moja tu, kupenda ng'ombe bila hesabu, na kwamba mtu anayefuga kwa mazoea ni adui wa wajukuu wake. Akamsimamisha Alistidia. "Huyu mama alikuwa kama wao," alisema. "Leo ameelimika." Wakampigia makofi. Mzungu mmoja aliyeketi mbele, mwenye uso wa upole, alimuuliza kupitia mkalimani kama anaona mabadiliko nyumbani kwake. Alistidia alisema anayaona. Mzungu akaandika.

Kisha chakula kikaletwa. Kilikuwa wali, ndizi, na nyama ya ng'ombe, nyingi, inayoelea kwenye mchuzi. Wataalamu wa hewa waliinama juu ya sahani. Walikula kwa bidii ambayo hawakuionyesha asubuhi wakati wa majadiliano, wakivunja mifupa na kunyonya uboho, na baadaye wakaketi nyuma kwenye viti wakichokonoa meno na kupiga mbweu, ambazo hakuna aliyezipima. Mtu mmoja alisifu kwamba nyama ni laini. Rwegasira akasema ni ng'ombe wa nyumbani, amemtoa yeye mwenyewe kwa ajili ya shughuli, na akaitikiwa kwa kicheko cha shukrani.

Alistidia hakuwa amegusa sahani yake. Aliinuka kama anayekwenda kunawa, akazunguka nyuma ya ukumbi walikokuwa wapishi. Pale kwenye ua wa mabanzi ngozi ilikuwa imetandazwa juani, imechomekwa vijiti pembeni, nyekundu, na kwenye paja la kushoto nusu mwezi mweupe.

Alisimama mbele yake. Hakulia, alikuwa amelia kwa ajili ya mtu, na machozi yale hakutaka kuyachanganya. Mchinjaji, mwanamume mnene aliyeitwa Privatus, alikuwa amekaa juu ya ndoo akivuta sigara. Alistidia alimuuliza kama ngozi ni yake.

"Ni ya Bwana Rwegasira, mama. Amesema niitupe au niichukue, kwake itanuka."

"Nipe mimi."

"Uifanyie nini? Ngoma?"

"Ina mwenyewe," alisema. Privatus akamwangalia usoni, akazima sigara, akaanza kung'oa vijiti bila kuuliza tena. Alikuwa amekulia kwenye ng'ombe. Alijua kwamba ng'ombe wa kutunziwa akifa, mtunzaji haendi kwa mwenyewe na maneno. Anakwenda na ngozi.

Alistidia alisafiri nayo akiwa ameikunja ndani ya gunia. Kwenye gari la Bukoba watu walivuta shingo na kufungua madirisha, na kijana mmoja akauliza nani amepanda na maiti. Alistidia akamjibu kwamba aliyepaswa kuibeba maiti ni shemeji yake, ila yuko semina. Watu wakacheka bila kuelewa, wakamwacha. Alilala mjini kwa binamu yake. Asubuhi akapata lori la kwenda Kyaka, akavuka mto, akaingia Missenyi, nchi ya nyasi iliyokuwa na makundi ya ng'ombe kabla ya vita na sasa ilikuwa na nyasi tu.

Ma Anatolia alikuwa hai, amekonda, amekaa mlangoni akichambua maharage. Kwa kweli hakumtambua mgeni mpaka alipoona gunia. Aliifungua ngozi mwenyewe, akaitandaza uani, akapitisha kiganja juu ya lile baka. Waliomleta Bihogo duniani alikuwa anawajua mmoja mmoja.

"Alikufa kwa ugonjwa gani, mwanangu?"

"Kwa semina, Ma."

Mzee alifikiri. "Huo huku haujafika," alisema. Kisha akauliza habari za Ishengoma, na hapo ndipo Alistidia alipolia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemletea mzee yule taarifa ya msiba, na ilimbidi aanze mwanzo, kwenye machela.

Walikaa siku ile na iliyofuata wakiomboleza kama inavyostahili. Ilipokwisha Ma Anatolia akakunja ngozi, akavaa kitenge kizuri, akasema waende. Alistidia alimwambia kwamba hakuja kudai chochote, amekuja tu kutimiza yaliyopasa. "Umetimiza ya mumeo," mzee alisema. "Sasa nakwenda kusikia ya musika."

Ta Rugaibula aliuitisha ukoo shingo upande. Rwegasira aliitwa kutoka mjini. Alikuja akiwa na hakika kwamba anaitwa kupokea kibanja, maana alikuwa ameshawaambia wazee kwamba migomba inaanza kuwa ya njano na mjane anazurura Bukoba. Alikuta kikongwe ambaye hakumtambua amekaa uani juu ya ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha, amepewa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu na anainywa kwa raha.

"Wewe ndiye musika wa Ishengoma?" alimuuliza.

Rwegasira alitazama pande zote. Alikuwa amelisema neno lile mbele ya watu wote hawa. "Ndiye mimi, mama."

"Ulisema vyake ni vyako na yake umeyabeba."

"Ndivyo inavyosemwa, mama. Ni desturi."

"Waitu, nashukuru. Basi umebeba na kunitunzia ng'ombe wangu." Akapiga ngozi kwa kiganja, kama mtu anayepiga kitanda kumkaribisha mgeni. "Nimemkuta huyu. Hajafa kwa ugonjwa, hajazaa, hajapotea. Ameliwa. Na hukuniletea hata ngozi, ameileta mwanamke aliyefiwa. Nipe ng'ombe wangu."

Rwegasira alianza kueleza. Alieleza vizuri, kwa mpangilio, kama alivyoeleza Muleba: joto, blanketi la hewa, mbweu, kwato. Alisema ng'ombe yule ametolewa kwa faida ya dunia nzima. Wazee waliangalia chini. Ma Anatolia alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, kisha akanywa funda, akauliza kama ni kweli kwamba ng'ombe wote wanapiga hizo mbweu.

"Wote, mama. Hata wa kisasa."

"Na yule uliyemfungia nyuma ya nyumba yako Kibeta?"

Hakuna mtu wa kijiji aliyekuwa amefika Kibeta isipokuwa Alistidia, ambaye binamu yake aliishi jirani na Rwegasira, na ambaye siku aliyolala pale alisikia ng'ombe akilia asubuhi, akasogeza pazia, akamwona: mnene, mweusi na mweupe, ndani ya banda la saruji, na nyuma yake migomba michache ya mjini yenye mikungu inayogusa ardhi.

"Yule ni wa mradi," Rwegasira alisema. Kisha akasema ni wa utafiti. Kisha akasema ni wa watoto, kwa maziwa.

"Basi anachafua hewa," alisema Ma Anatolia. "Tena ya mjini, yenye watu wengi. Nipe nikuondolee."

Ma Kokushubila alicheka kwa pua. Mtu mmoja akafuata, na kicheko kikapita uani kutoka kwa wanawake kwenda kwa wanaume mpaka kikamfikia Ta Rugaibula, ambaye alikizuia kwa heshima ya cheo chake, mabega yakimtikisika. Alipopata sauti aliuliza ni nani anayepinga kwamba musika hurithi na madeni. Hakuna aliyepinga. Akauliza Rwegasira anasemaje. Rwegasira akasema kwamba watu wa namna hii ndio sababu nchi haiendelei. Wazee wakakubali kwamba huenda, na wakataka kujua ng'ombe atafika lini.

Kabla ya kuondoka Rwegasira alimsogelea Alistidia pembeni, uso umemvimba. Alimwambia amefurahi sasa, amemdhalilisha ndugu wa mumewe mbele ya watu kwa ajili ya mnyama.

"Ulikuja mlangoni ukafunika pua," Alistidia alimwambia. "Yeye alikuwa anakuangalia. Bihogo alikuwa analala naye ukuta kwa ukuta, na hakufunika."

Hakuwahi kumwambia zaidi ya hayo, wala hakuona kwamba mtu yule alistahili neno jingine.

Ng'ombe wa Kibeta aliletwa kwa gari lilelile. Alikuwa mpumbavu wa kimjini. Alishtushwa na migomba, akakataa nyasi za rweya mpaka njaa ilipomfundisha, na maziwa yake yakapungua nusu. Ma Anatolia alimzunguka, akamvuta sikio, akasema ana macho ya mtu asiyejua kwao. Lakini hakumpeleka Missenyi. Alimkabidhi Alistidia kwa masharti yaleyale ya zamani, akayatamka mbele ya Ta Rugaibula, na safari hii akataka jina la mtunzaji liwe la mwanamke. Akarudi kwao na ngozi yake guniani. Kibanja hakikuzungumzwa tena.

Rwegasira bado anafanya semina. Inasemekana sasa anazungumzia misitu. Mvua za vuli zilichelewa tena, na Alistidia, akiwa ameinama kwenye rweya na mundu, hufikiri wakati mwingine kwamba huenda ni kweli, kwamba hata huyu mmoja anaongeza kitu kule juu. Hajui nani atakayeulizwa kwanza, yeye au wenye magari.

Kile kibao cha maandishi ya kijani amezibia tundu la zizi, upande upepo unakotoka. Kila asubuhi Rozi anateka maji, Getruda anazoa samadi, na Alistidia anampa ng'ombe majani kabla hajala yeye mwenyewe.